Neta Wiebe, Aliyekaa na Wafiwa wa Zapote

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu wa Zapote, wafanyakazi wa nyumba ya wazee, na wageni wetu kutoka kanisani kwake, naitwa Flory Arguedas, binti wa marehemu Doña Hermida, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia, na kama kuna anayejiuliza familia gani, maana Neta hakuwa na mume wala mtoto wala ndugu wa damu upande huu wa dunia, basi aangalie waliokaa benchi la mbele, ndiyo hiyo.

Marehemu Neta Wiebe alizaliwa tarehe 14 Februari 1936, katika kijiji cha wakulima wa ngano kaskazini ya mji wa Saskatoon, nchini Kanada, akiwa mtoto wa pekee wa Mzee Jakob Wiebe na Mama Aganetha, waumini wa Kanisa la Mennonite, watu wa kazi nyingi na maneno machache, ambao nyumbani walizungumza Kijerumani na msibani hawakuwa na desturi ya kulia. Alisoma shule kijijini hapo, akasomea uuguzi Saskatoon kuanzia 1954 hadi 1957, baba yake akafariki mwaka uliofuata, naye akabaki na mama yake mpaka alipoitikia wito wa umisionari.

Aliwasili hapa jijini San José tarehe 6 Januari 1962, pamoja na mchumba wake, Ndugu Abram Dueck, wakiwa na mpango ulionyooka kabisa, yaani mwaka mmoja wa kujifunza Kihispania katika shule ya wamisionari, kisha ndoa, kisha kazi ya zahanati na injili huko Chaco, Paraguay. Abram alipangiwa bweni la wanaume, na Neta akapangiwa chumba cha nyuma nyumbani kwetu.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake, asubuhi wanafunzi walirudia maneno ya mwalimu mpaka midomo inauma, na baada ya chakula cha mchana kila mmoja alitoka na sentensi moja tu ya siku hiyo, akazunguka nayo mtaani akimwambia kila aliyemkuta, mvua inyeshe isinyeshe. Basi Neta, na mwavuli wake mweusi, siku ya kuuliza njia ya kwenda posta aliiuliza hata akiwa amesimama mlangoni pa posta, na siku ya kusema mimi ni muuguzi alimwambia hata mbwa wa Doña Chepita, muuza mikate. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini jamani, upweke ule ulikuwa mkali. Mtu mzima, aliyezoea kuokoa maisha ya watu, alikuwa hawezi kumwambia mtu kwamba jana hakulala vizuri, na jioni, familia yetu ilipokuwa imeizunguka redio tukicheka, yeye alicheka wakati sisi tumeshanyamaza, kisha akachukua kikombe chake, akaenda chumbani. Abram yeye alikuwa mwepesi wa ulimi, ilipofika Pasaka alishaanza kuhubiri, na mchumba wake aliketi kiti cha nyuma akimsikiliza bila kumwelewa.

Tarehe 3 Septemba mwaka huo mkuu wa shule alimwita Neta ofisini, akamweleza kwamba Mama Aganetha amefariki na ameshazikwa. Walimwombea, wakamkumbusha kwamba mama yuko kwa Bwana na hakuna sababu ya machozi, Abram akamshika bega, kengele ikalia, wakarudi darasani. Mchana Neta akatoka na sentensi ya siku hiyo, nayo ilikuwa, nataka mayai sita. Akafika kwa Don Tarcisio, fundi viatu, akaisema, na yule mzee, bila kuinua kichwa, akamjibu, "Binti, hapa ukiona yai ujue kuku amekuja kushonesha viatu," kisha akainua macho, akaona machozi yanamtiririka hadi kidevuni, akatupa nyundo chini, akamleta nyumbani amemshika mkono.

Mama yangu alimtazama mara moja tu. "Hee! Huyu halilii mayai," akasema, akaingia chumbani kwa Neta, akarudi na picha ya Mama Aganetha iliyokuwa kando ya kitanda, akamwuliza, "Ni huyu?" Neta akatikisa kichwa kukubali.

Jioni ile ile nyumba ikajaa. Picha ikawekwa mezani kwa maua na mshumaa, Doña Chepita akaleta mikate, Neta akakalishwa kiti cha mfiwa, na sala za siku tisa zikaanza, kwa ajili ya mama wa Kimennonite ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa rozari. Don Nautilio, msalishaji wetu, alilihangaikia lile jina mpaka jasho likamtoka, akasema, "Mama huyu ana jina gumu, lakini Mungu atamjua tu." Neta hakusali nao, alikaa, akalia kwa sauti, jambo ambalo kwao asingethubutu.

Habari zikafika shuleni. Kamati ikamwita, ikamtaka aandike kwamba amekosea kuhudhuria maombi ya wafu, na ahame kwetu, la sivyo Paraguay asahau. Abram akamfuata uani kwetu, akambembeleza, "Saini, Neta, ni karatasi tu, Mungu anaujua moyo wako." Neta akamjibu, "Na mimi naujua. Watu hawa wamelitaja jina la mama yangu siku tisa, wala sikuwa na mwingine wa kulitaja naye. Niandike kwamba ni kosa?" Hakusaini. Januari 1963 Abram akaondoka peke yake, akaoa huko huko, akapata watoto, na sisi familia hatumlaumu, ingawa mimi binafsi namlaumu kidogo.

Kikazi, marehemu aliajiriwa kama muuguzi katika nyumba ya wazee ya hapa mtaani kuanzia Machi 1963 hadi alipostaafu mwaka 1996. Kuhusu ndoa, hakuolewa. Kuhusu watoto, hakujaliwa. Kanisani kwake walimpa mkono kila Jumapili ila hawakumpa kazi yoyote, na kwetu Wakatoliki hakuhamia, ingawa mama alimtania, "Badili dini, Neta, twende wote mbinguni, kwenu huko mtakuwa wachache mno," na jioni za Jumapili tulimsikia akiimba tenzi za Kijerumani peke yake, mlango umefungwa. Hata hivyo hakuna msiba Zapote ambao hakukaa siku zote tisa, mikono mapajani, mdomo umefumbwa, na wafiwa wengi mliopo hapa mnajua uzito wa mtu yule kuwa kando yenu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2009, akatibiwa kwa vipindi, akalazwa Julai mwaka huu, na tarehe 11 Agosti 2011, alfajiri, akafariki dunia. Wakati anaugua, majirani walisema lazima asaliwe siku tisa, kanisa lake likasema ibada ni moja tu, basi, wakaanza kununiana, nami nikamwuliza mwenyewe. Akasema, "Kufa siogopi, Flory. Naogopa wakishanizika kila mtu aende kwake. Msiniombee rozari, siiamini. Lakini njooni mkae."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa nyumba ya wazee, binamu zake wa Kanada waliotuma salamu, na majirani mliomwuguza kwa zamu. Tunawatangazia kwamba kuanzia leo, saa moja jioni, kwa siku tisa, nyumbani kwetu kutakuwa na kahawa na mikate, rozari haitakuwepo, na Don Nautilio, pamoja na uzee wake na hasira zake, amekubali kuja mikono mitupu. Mchungaji wa marehemu ameniuliza asubuhi hii, kwa sauti ya chini, kama naye atapata kiti. Nimemwambia vipo.

Neta, mama yetu, wewe pumzika. Sisi tunakaa.