Kaizari Aliyenaswa na Sumaku

Benchi letu pale Isingiro ni gogo la mkaratusi lililolazwa mbele ya nyumba ya bibi Nyirabageni, barabara ya Murongo inapokata kona. Kahawa yetu ni ya kutafuna. Wageni wa mjini wakisikia kuna kijiwe cha kahawa wanatafuta birika na vikombe, wakioneshwa kikapu cha buni zilizochemshwa na kukaushwa wanaondoka wamenuna. Shauri yao. Siku hiyo ya mnada, mwaka themanini na saba, tulikuwa watatu na mwenye nyumba. Kulikuwa na Ildefonsi, tunayemwita Hakimu kwa sababu aliwahi kukaa mzee wa baraza katika kesi moja ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe akafa kabla ya hukumu. Kulikuwa na Rwegoshora, jina la kijiweni Spika, fundi redio ambaye redio ikiingia kwake inazungumza, ikitoka imenyamaza. Na mimi, ambaye sina jina la utani kwa sababu nina hasira.

Telesfori, jirani yetu, akaja mbio kutoka upande wa mnadani, ngumi ameikunja.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Unahema hivyo, kuna nini?

— Nimepata, bibi! Jamani, nimepata!

Akafungua ngumi. Ndani mlikuwa na sarafu nyeupe, kubwa, yenye sura ya mtu aliyevaa chepeo, na juu ya chepeo amekaa ndege.

— Rupia ya Mjerumani, akasema Telesfori. Huyu ni Kaizari mwenyewe na ndege wake.

— Umeitoa wapi? akauliza Hakimu.

— Mnadani. Yule bwana wa kipaza sauti alipomaliza makoti na masufuria, akasema sasa natoa kitu ambacho hakitengenezwi tena duniani. Anasema Wazungu wanazitafuta hizi usiku na mchana. Wanazipanga kwenye makabati ya vioo.

— Wananunulia nini? akauliza Nyirabageni.

— Hawanunulii kitu, bibi. Wanaziangalia.

— Wanaziangalia tu?

— Tu.

— Haya, akasema bibi, na kuchukua buni moja.

— Basi tukashindana, mimi na bwana mmoja mwenye kofia ya pama, akaendelea Telesfori. Mimi nikitaja mbuzi, yeye mbuzi wawili. Nikitaja watatu, yeye anaweka baiskeli. Jamani, nikaona kitu kinaniponyoka hivi hivi. Nikasema mtamba. Yule bwana akavua kofia, akanipa mkono. Akasema umeniweza.

Mimi nikaacha kutafuna.

— Mtamba gani, Telesfori?

— Bihogo.

Hapo hata Spika aliinua kichwa. Bihogo hakuwa wa Telesfori. Alizaliwa na ng'ombe ambaye Anatolia, mkewe, alikuja naye kutoka kwa baba yake siku ya kuolewa, na kwetu ng'ombe wa namna hiyo mume hamgusi hata kwa fimbo bila kuuliza. Tena alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wao Placidia alikuwa ameachishwa ziwa, anakunywa uji mtupu, na Anatolia kila aliyekutana naye njiani alimwambia: kabla maharage hayajavunwa, mwanangu atakuwa anakunywa maziwa. Asubuhi hiyo alimtuma mumewe ampeleke Bihogo josho. Njia ya josho inapita mnadani.

— Anatolia anajua? nikauliza.

— Atajua nikishaiuza Bukoba na kurudi na ng'ombe watano.

— Mawe, mama wee! akasema Nyirabageni.

— Ila jamani, moyo haujatulia. Lori la watu wa mnada linaondoka jioni hii hii. Kama hii kitu ni bandia, nirudi sasa hivi nikamdai mtamba wangu. Wakishaondoka, basi tena. Ndiyo maana nimekimbilia kwenu. Nyie watu mnajua mambo.

Hapo ndipo alipoharibu.

Hakimu aliipokea kwa mikono miwili. Akaiuma. Akafumba macho.

— Ina chumvi.

— Chumvi? nikasema.

— Ilikuja kwa meli, bwana. Fedha halali ya Mjerumani lazima iwe na chumvi ya bahari. Hiyo ni alama ya kwanza.

— Hiyo chumvi ni jasho la mkono wa Telesfori. Amekimbia nayo kutoka mnadani.

— Wewe umewahi kuiona bahari?

— Sijaiona.

— Basi.

Nikaichukua mimi. Nikaizungusha kwenye mwanga. Pembeni kulikuwa na mstari umezunguka pande zote, kama vipande viwili vimebandikwa. Ndege hakuwa na macho. Kaizari mwenyewe pua ilimnyooka kana kwamba amechongwa juzi.

— Hapa pana kiungo, nikasema. Tazameni. Na hii pua, fedha iliyoshikwa na watu tangu enzi za Mjerumani, pua ingekuwa imeshalika.

— Nani angemshika Kaizari pua? akauliza Hakimu. Watu walikuwa wanachapwa viboko enzi zile.

— Na hicho kiungo?

— Mjerumani alikuwa anafunga kila kitu mara mbili. Daraja lake ulishaliona likianguka?

Telesfori alikuwa anatugeukia mmoja mmoja, mdomo wazi. Kila Hakimu aliposema alitabasamu, kila mimi niliposema alitazama barabara. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vilevile.

Spika akasema maneno matupu hayatoshi, kinachotakiwa ni kipimo. Akaidondosha juu ya jiwe. Ikasema *tak*.

— Mmesikia? Imelia kifupi. Kizungu kile.

— Bakuli langu la bati linalia hivyo hivyo, akasema Nyirabageni.

— Ngoja, bibi. Fedha za zamani zina mawimbi.

Akaenda kuleta redio aliyokuwa akiitengeneza tangu Pasaka, akaiweka sarafu juu yake, akazungusha kitufe. Redio ikakoroma kwa muda mrefu.

— Hiyo ni Ujerumani, akasema Spika.

— Hiyo ni redio ya Kashaija, nikasema. Alikuletea inasema vizuri, ilikuwa inakosa mkono tu wa kubebea.

— Kabla ya sarafu ilikuwa haikoromi.

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

— Lakini kipimo cha mwisho ni hiki, akasema Spika, na kutoa sumaku mfukoni. Ilikuwa sumaku ya spika, nyeusi, nzito, ndiyo iliyompa jina.

— Sumaku haidanganyi, akaendelea. Inavuta kitu imara, kitu dhaifu inakiacha. Karatasi haivuti. Jani la mgomba haivuti. Sasa Mjerumani aliyejenga reli na meli, fedha yake itakuwa dhaifu?

— Haiwezi, akasema Hakimu.

— Ikikataa sumaku, ni bandia. Ikinasa, ni yenyewe. Tumekubaliana?

— Tumekubaliana, akasema Telesfori.

Mimi nikasema tungempelekea kwanza mtu mwenye ujuzi wa fedha hizo. Nikaambiwa mwenye ujuzi ndiye huyo ameshika sumaku.

Sarafu ikaruka yenyewe ikanasa. Spika akaigeuza sumaku chini juu, Kaizari akaning'inia kichwa chini na ndege wake, haanguki.

Telesfori alipiga magoti. Alicheka mpaka machozi, akamkumbatia Spika, akamkumbatia Hakimu, mimi akaniruka.

— Mahakama imeridhika, akasema Hakimu. Kaa utafune kahawa, waitu, ndugu yetu. Lori liende salama.

Akakaa. Akatafuna.

Nyirabageni alikuwa ameingia ndani. Akatoka anafungua fundo la kitenge chake.

— Nami nipimieni yangu. Mama yangu alilipwa hii kwa kubeba mizigo ya Mjerumani. Amekufa ananiambia niitunze.

Ilikuwa rupia nyembamba, imefifia rangi. Kaizari alikuwepo, lakini uso umelainika, ndege amebaki kivuli. Spika akaisogeza sumaku. Hakuna kitu. Akaigusisha kabisa, akaisugua. Ilianguka mavumbini kama punje ya mahindi.

Hakimu akamshika bibi bega.

— Pole, bibi, akasema Hakimu.

— Ina maana mama yangu alidanganywa?

— Walikuwa wajanja sana wale.

— Maskini mama! Amebeba mizigo ile yote mpaka bega likapinda.

Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kidole gumba. Alikuwa na uchungu kweli. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea:

— Na yule bwana wa mnada naye mtu wa ajabu. Asubuhi alipita hapa kuomba maji, akaiona. Akataka anipe gunia zima la nguo na masufuria, nimwachie. Nikamwambia ya marehemu haiuzwi. Akarudi mara ya pili, akaongeza taa ya kandili.

— Alikuonea huruma tu, bibi, akasema Hakimu.

— Nilikuwa sijamwambia shida yoyote.

Telesfori akaacha kutafuna. Akamtazama bibi, akatazama rupia ile iliyofifia, akatazama yake inayong'aa. Akainama, akaokota kizibo cha soda kilichokuwa chini ya gogo, kimeliwa na kutu.

— Spika, hebu nipe hiyo sumaku.

Kizibo kikaruka, kikanasa pembeni ya Kaizari. Wakaning'inia wote wawili.

— Mbona na hiki kinanasa? akauliza Telesfori taratibu.

— Wewe unajua hicho kizibo kimetoka wapi? akasema Hakimu. Labda nacho ni cha Mjerumani.

Ndipo tukasikia lori. Lilitokea upande wa mnadani, limejaa masufuria yanayogongana, na nyuma kabisa, kati ya magunia, alisimama Bihogo, ameegemeza kidevu kwenye ubao. Mbele, kati ya dereva na bwana wa kipaza sauti, aliketi yule mtu wa kofia ya pama. Anakula ndizi.

— Mwone maskini, akasema Hakimu. Amekosa rupia, sasa anaomba lifti.

Mtu wa kofia alitupungia mkono. Spika naye akapunga.

Telesfori alikuwa ameshachomoka. Alikimbia akiita, simama, bwana, simama, mtamba wangu! Kandambili moja ikabaki barabarani, akaendelea na moja. Bihogo alimsikia, akageuza kichwa na kulia. Lori likapita kona na vumbi lake, tukawa tunasikia masufuria tu, baadaye hata masufuria hatukuyasikia.

Alirudi polepole akachukua kandambili yake. Hakuivaa. Alikaa kwenye ncha ya gogo, Kaizari mkononi.

— Nirudie hicho kipimo? akauliza Spika.

— Nyamaza! nikasema.

Kwa upande wa migombani akatokea Anatolia. Amejitwika kapu la maganda ya ndizi, mkononi ameshika chumvi kidogo kwenye kipande cha jani.

— Shikamoo, bibi. Hamjambo wazee?

— Hatujambo, tukasema.

— Baba Placidia, kumbe uko hapa! Nimeona josho limechelewa, nikasema nimfuate Bihogo na maganda yake, asije akatembea na njaa katika hali ile. Umemfunga wapi?

Hakimu, mwenye hukumu ya kila jambo, alitia mkono kwenye kikapu cha kahawa akapapasa chini. Ilikuwa imekwisha. Telesfori akafungua tu kiganja.

Anatolia alitua kapu. Akaichukua ile sarafu, akaigeuza upande huu na upande ule.

— Huyu ni nani?

— Kaizari, akasema Spika kwa sauti ndogo.

Akatutazama wote, tangu Hakimu mpaka mimi. Akamtazama tena yule mtu wa chepeo na ndege wake asiye na macho.

— Anakamuliwa?

Tulikuwa wanaume wanne pale. Nilisubiri mmoja wetu ajibu, na wenzangu nadhani walinisubiri mimi, kwa kuwa ndiye mwenye hasira.

Anatolia alirudisha sarafu kiganjani mwa mumewe, akamkunja vidole kimoja kimoja. Kisha alikunja lile jani vizuri ili chumvi isimwagike, akajitwika tena kapu la maganda, akarudi nalo nyumbani.