Lorna Haugen, Aliyetutoa Kwenye Hesabu

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, Lorna Haugen anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu katika kampuni yetu ya Cedar Tally, hapa Portland. Alipoajiriwa mwaka 1996 tulikuwa watu sita juu ya duka la kutengeneza baiskeli, na kazi yetu ilikuwa ngumu kuieleza hata kwa mama zetu: tuliwahesabia wenye tovuti wageni wanaozitembelea. Lorna aliletwa kuuza huduma hiyo. Kabla ya hapo aliuza magodoro, na alisema hakuona tofauti kubwa, kwa kuwa vyote viwili humsaidia mtu kupata usingizi.

Ni yeye aliyeanzisha desturi ya asubuhi. Kahawa ikiwa bado moto, kila mfanyakazi alifungua kurasa za wateja wetu, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha kaunta, yaani kile kihesabu cha wageni chini ya ukurasa, inafanya kazi. "Hakuna mteja wangu atakayeamka akutane na sifuri," alikuwa akisema, na ole wako akukute umeanza na barua pepe. Tulipofika watu arobaini, desturi iliendelea vilevile. Wateja walifurahi kuona namba zinapanda, nasi tulifurahi pamoja nao. Hakuna aliyejiuliza zinapanda kwa nini.

Mwaka 1999 walikuja watu wa Seattle wakitaka kuinunua kampuni. Kila mmoja wetu alikuwa na hisa kidogo, na Lorna alikuwa ameshachagua nyumba ya kununua. Wiki hiyohiyo mteja wetu Einar Tolonen alipiga simu kutoka mji wa Astoria. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha samaki, na jioni alitengeneza vyambo vya manyoya vya kuvulia samaki na kuviuza kwenye tovuti yake. Wageni walikuwa wengi ajabu, alisema, ingawa kununua walikuwa bado wanaona haya. Ijumaa angeacha kazi kiwandani.

Lorna alimpongeza, akakata simu, kisha akaenda kutazama wageni hao wanatoka wapi. Walitoka hapahapa. Karibu wote walikuwa sisi na vikombe vyetu vya kahawa.

Glenn Vandermolen, mwanzilishi na bosi wetu, ni mtu mwema, na nasema hivyo nikijua kwamba ndiye anayepitisha jarida hili la kampuni. Siku ile alimwambia, "Ngoja tusaini kwanza, Lorna. Wiki mbili tu, halafu tutarekebisha kimyakimya."

"Anaacha kazi Ijumaa, Glenn. Kwa ajili ya wateja ambao ni mimi na wewe."

"Na nyumba yako je?"

"Usinikumbushe, bwana, nitalia hapa."

Simu ya kwenda Astoria tuliisikia ofisi nzima, maana Lorna hajawahi kujua kuzungumza kwa sauti ya chini. Alimweleza yote, pamoja na kwamba desturi ile ni yake mwenyewe. Bwana Tolonen, kama Lorna alivyotusimulia baadaye, aliuliza, "Sasa katika nyinyi wote, hakuna hata mmoja anayevua?"

"Hata mmoja, Bwana Tolonen. Mimi samaki namjua wa kopo."

"Haya. Basi acha nirudi kwenye mashine zangu."

Tulirekebisha namba za wateja wote. Wengine walihama kwa hasira, watu wa Seattle walirudi kwao, na Lorna hadi leo anaishi kwenye fleti ileile ya kupanga. Kuna walioacha kumsalimia kwa mwaka mzima. Kisha mambo ya intaneti yalipoporomoka, kampuni zilizokuwa zikitucheka zilifungwa, sisi tukabaki, wadogo lakini tupo. Wateja waliosalia waliamini tunachowaambia. Bwana Tolonen alikuwa mmoja wao.

Tangu hapo, anayeajiriwa hapa, hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo, kompyuta yake huingizwa kwenye orodha ya wasiohesabiwa na kaunta. Lorna alijiingiza wa kwanza, na kompyuta ya nyumbani kwake pia. Miaka yote hii amezitembelea kurasa zetu kila asubuhi bila kuhesabiwa hata mara moja.

Lorna, tunakushukuru kwa ukali wako, kelele zako, na hata keki zako za limau ambazo haziivi katikati. Tutakukosa sana. Afya njema, na asubuhi zisizo na haraka. Ijumaa jioni tutakufuta kwenye orodha ile. Jumatatu, ukifungua ukurasa wetu kwa mazoea, kaunta itaandika mgeni mmoja, na sisi tutakuwa tumekaa tunamngoja.