Tope la Baba

BABA: Haloo? Nani huyo? Namba siijui.

BINTI: Shikamoo baba. Ni mimi, natumia simu mpya ya ofisini—

BABA: Marahaba, mama. Ofisini kwangu?

BINTI: Kwangu, baba. Tangu ulipostaafu.

BABA: Haya, kwako. Wadudu hawajambo?

BINTI: Ndicho nilichokupigia. Amonia imepanda. Maji taka yanatoka mtamboni yananuka mkojo vilevile yalivyoingia.

BABA: Hewa?

BINTI: Nimewasha mashine zote. Tangi la mbele na la nyuma, usiku na mchana.

BABA: La nyuma pia. Mama, wadudu wa mbele, bakteria wetu, wanataka hewa. Wanageuza amonia kuwa naitreti. Wa nyuma wanapumua hiyo naitreti, naitrojeni inakwenda zake angani. Ukiwapa hewa, wanapumua hewa. Naitreti wanakuachia wewe.

BINTI: Nazima sasa hivi. Lakini amonia, ba—

BABA: Hiyo ni kazi ya wa mbele. Umewafanya nini?

BINTI: Sijawafanya kitu. [mkwaruzo]

BABA: Mama.

BINTI: Nimesafisha tu.

BABA: Umesafisha nini?

BINTI: Tangi. Mkaguzi anakuja Ijumaa, na lile tope limejaa... Nikaita gari la kunyonya. Jana limepiga safari mbili.

BABA: Umewanyonya wadudu. Wanaishi humo kwenye tope.

BINTI: Nilidhani ni uchafu!

BABA: Kwenye maji taka. Ukakuta uchafu.

BINTI: Usinicheke, baba! Mkaguzi akikuta amonia hii, sithibitishwi kazini.

BABA: Sijacheka. Gari liko wapi?

BINTI: Getini. Limebeba safari ya tatu, dereva anasubiri karatasi ya kutoka.

BABA: Usisaini.

BINTI: Nimeshasai— We dereva! Dereva! Zima gari! [kishindo, mkwaruzo]

BABA: Haloo? Haloo?

BINTI: Nimemuwahi. Anauliza tope linarudi kufanya nini.

BABA: Mwambie limesahau kitu.

BINTI: Baba!

BABA: Limwagwe tangi la mbele, taratibu. Hewa mbele tu. Hao hawana haraka ya kuzaana, Ijumaa itatubana. Kwenye daftari nililokuachia niliandika tope lisiguswe hovyo. Ukurasa wa kwanza.

BINTI: Nilisoma.

BABA: Sasa?

BINTI: Watu hapa wanasema mzee ameacha uchafu. Sikutaka mkaguzi naye aje aandike hivyo.

BABA: [mlango unalia]

BINTI: Baba? Umekatika?

BABA: Nipo. Ule uchafu ndio kazi yangu, mama. Miaka ishirini na miwili.

BINTI: Nisamehe.

BABA: Yameisha. Mashine ya nyuma umezima?

BINTI: Naenda. [pii] Salio linakwisha. Baba, ungekuja—

BABA: Mimi nimestaafu.

BINTI: Najua. Basi nitakupigia jion—

BABA: Buti nimeshavaa. Mama yako yuko mlangoni, anacheka.

BINTI: Umevaa saa ngapi?

BABA: Uliposema umesafisha.

BINTI: [pii] Haya, njoo! Njoo haraka!

BABA: Mwambie mlinzi anifungulie. Mwezi uliopita aliniandika kwenye kitabu cha wageni.

BINTI: Mwezi uliopita? Ulikuja lini, ba—

[Salio limekwisha.]