Mfuko Uliobaki Wazi Soko la Gomsil

Mgeni rasmi, Bwana Pyo Gyu-sang, Mkurugenzi wa Biashara Ndogondogo wa mji wetu,

Karibu. Kunywa chai ya shayiri bila wasiwasi, tumeshaionja sisi wenyewe. Siku hizi hapa Gomsil kila mtu anamchunguza mwenzake, tumeona bora tuliseme hilo mapema.

TULIKOTOKA

Soko letu lilianzishwa na akina mama waliobeba mabeseni ya samaki kutoka gatini. Toka enzi zao, muuzaji akishapima, huongeza konzi moja. Nyongeza hiyo haiombwi. Mnunuzi anachelewa kidogo tu kufunga mfuko, na muuzaji anaelewa.

MAFANIKIO

Semina yako ya maadili na mahusiano mema imetufaa. Tumejifunza kutabasamu, kuinama vizuri, na kutomsema jirani mbele ya mteja. Sasa tunamsubiri mteja aondoke kwanza. Mizani yetu yote ni sahihi, na kwa hilo tunajivunia kweli.

CHANGAMOTO

Tatizo ni wale wateja wa kujifanya mnaowatuma kutupima. Hatuwajui kwa sura. Mmoja alinunua dagaa kwa mwenzetu Mama Seung-u, kisha akaenda kusema amepewa nyongeza ndogo kuliko aliyemtangulia. Mama Seung-u akaonywa na ofisi yako kwa kosa la upendeleo: akiongeza tena konzi kwa yeyote, kibanda anapewa mtu mwingine. Kibanda hicho aliachiwa na mama mkwe wake, na hana pengine pa kula. Basi akauzuia mkono.

Kesho yake akaja Bibi Heo, mjane wa mtaa wa juu, mteja wake tangu ujana. Akapimiwa, akasubiri.

"Leo mkono umekufa ganzi?"

"Ndicho kipimo chake, dada."

"Kipimo nimekiona. Nakuuliza mkono."

Mama Seung-u akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Huyu naye wameshamnunua? Bibi Heo aliliona jicho lile. Akafunga mfuko, akaenda zake, na mpaka leo hajarudi. Mama Seung-u anasema aibu hiyo inamnyima usingizi. Tunamhurumia, lakini baadhi yetu bado tunajiuliza kama si yeye anayetuchongea ili asamehewe. Tumefika huko, mheshimiwa.

Wiki iliyopita akaja mwanamume, kofia imeshuka usoni, barakoa imepanda mpaka chini ya macho. Sauti ilikuwa ileile iliyotufundisha kwenye semina. Mwenye tofu akakohoa, mwenye kabichi chachu ya kimchi akakohoa, kikohozi kikapita kibanda kwa kibanda mpaka kwa Mama Seung-u. Akampimia sawasawa, hakuzidisha hata kichwa cha dagaa. Mwanamume hakuondoka, wala hakufunga mfuko.

"Ndiyo basi, mama?"

"Ndiyo basi."

"Marehemu mama yangu alikuwa akinituma hapahapa," akasema chinichini.

Mtego huu, akawaza Mama Seung-u. Halafu akamwona alivyoushika ule mfuko, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa dukani. Alijua kibanda kinaweza kwenda. Akachota konzi, akatia. Mwanamume akainama chini zaidi kuliko mlivyotufundisha, akaondoka.

MAOMBI

Tumesikia leo unatangaza nani anabaki na kibanda na nani anatoka. Hatukuombi paa wala taa. Tunaomba, ukilitaja jina la Mama Seung-u, utaje na aliyeshika mfuko. Kama ulikuwa unamtega, sema hapa mbele yetu. Kama ulikuwa unaitaka ile konzi, sema pia. Bibi Heo tumemwita. Amekaa nyuma yako na mfuko wake, anasubiri kusikia.

Tunakuombea afya, sakafu yenye joto msimu wa baridi, na meza isiyokosa mgeni.

Ni sisi, wafanyabiashara wa Soko la Gomsil. Tumemchagua sisi wenyewe wa kutusomea risala hii, ili utakapojibu umtazame usoni: Tak Bong-nyeo, Mama Seung-u, muuza dagaa.