Nusu ya Sukari

Mshonaji alipoketi ndani ya basi alimwona mumewe, fundi bomba, ameketi kiti cha mbele yake akipiga soga na mzee asiyemjua. Alinyoosha mkono amguse bega, akasikia habari za bia, akaurudisha.

"Kupika bia nyumbani ni gharama, mwanangu," mzee alikuwa akisema. "Sukari peke yake inakumaliza."

"Mimi naweka nusu tu, mzee wangu. Chupa naomba kwa majirani, hamira nachota kwenye mashapo ya ndoo iliyopita. Na bia inatoka kali, si mchezo!"

"Nusu ya sukari itoe bia kali? Acha kunifunga kamba."

Mshonaji aliuma mdomo asicheke. Miaka sita sasa, kila mumewe akishaenda kazini, yeye hufunua ile ndoo akatia nusu iliyobaki. Bila huruma yake, bwana yule angekuwa anakunywa maji ya kuoshea vyombo na kuyasifu.

Fundi bomba akashusha sauti. "Nikuambie kweli, mzee? Mke wangu huongezea nikitoka. Anadhani sijui."

"Sasa si uweke yote mwenyewe, yaishe? Ubahili gani huo usiookoa kitu?"

"Nikiweka yote, itakuwa bia yangu peke yangu."

"Huo ni upuuzi," mzee alianza, lakini basi lilikuwa limeshasimama.

Mshonaji aliwahi mlango wa nyuma kabla hajaonekana, akaenda moja kwa moja dukani. Sukari ya nyumbani ilikuwa imeisha.