Semina ya Tabia

STEFANO: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

ZIADA: Ni Ziada, wa mradi. Shikamoo, mwenyekiti.

STEFANO: Marahaba, mwanangu, marahaba! Paza sauti. Huku Mnyambe mtandao mpaka upande kichuguu, na nimeshapanda.

ZIADA: Tuko njiani kutoka Masasi na mgeni rasmi. Washiriki wamefika?

STEFANO: Wote ishirini! Wawili nimewaleta kwa mgambo.

ZIADA: Wakulima wanaletwa kwa mgambo?

STEFANO: Wakulima? Wakulima wako shambani, mwanangu. Hawa nimewachagua mwenyewe. Yupo Jumanne, huyo kwa kunywa uraka, pombe ya mabibo, kitongoji kizima hana mpinzani. Yupo Muharami wa kuiba kuku wa watu. Basil na mkewe, wanaorushiana masufuria—

ZIADA: Ngoja, ngoja! Hao wa nini?

STEFANO: Si ulisema semina ya mabadiliko ya tabia?

ZIADA: Tabianchi!

STEFANO: Tabia gani? Inakwaruza.

ZIADA: Tabia-NCHI, mwenyekiti! Mvua kuchelewa, jua kuzidi!

STEFANO: Hiyo "nchi" ulipopiga wiki iliyopita haikufika huku.

ZIADA: Mungu wangu.

STEFANO: Na ukasema nilete walioathirika zaidi! Nimetangaza msikitini, nimetangaza kanisani. Ndugu zao wamenishukuru mpaka machozi.

ZIADA: Mwenyekiti, mgeni rasmi asipokuta wakulima, kipima mvua na mafunzo ya mikorosho vinahamia kijiji cha Chidya. Leo hii.

STEFANO: Usiseme hivyo! Mvua ya mwezi wa nane imeniangushia maua yote. Mikorosho sitini, mabibo hayajai ndoo! Naumia, mwanangu. Nikipita shambani naangalia chini.

ZIADA: Basi nipe hata mkulima mmoja anayefuatilia mvua. Mmoja tu!

STEFANO: Anayefuatilia... [anakohoa] Labda Mama Upendo.

ZIADA: Mkeo?

STEFANO: Huyo kila mvua ikinyesha anachora alama kwa mkaa ukutani jikoni. Miaka mitano sasa, ukuta mweusi tii. Nilitaka kupaka chokaa—

ZIADA: Usipake!

STEFANO: Mwezi wa nane aliniambia, "Baba Upendo, salfa tusipulize mikorosho wiki hii, mvua inakuja."

ZIADA: Ukamjibuje?

STEFANO: [mtandao unakwaruza] Haloo?

ZIADA: Nakusikia vizuri sana. Ukamjibuje?

STEFANO: Nikamwambia mwanamke asinifundishe mikorosho. Nikapuliza asubuhi. Jioni mvua ikaiosha dawa yote.

ZIADA: Pole. Na mbona hayupo kwenye orodha?

STEFANO: Alinililia nimwandike! Mke wa mwenyekiti, semina ya tabia? Watu wangesema nini? Nikamwambia ile si ya watu wenye heshima.

ZIADA: Kamwite sasa hivi. Jamani, dakika zangu zinaisha.

STEFANO: Subiri— Jumanne! Unataka nini wewe, naongea na simu! [anamsikiliza] Eti anaomba kurudi nyumbani.

ZIADA: Kwa nini?

STEFANO: Anasema kwake semina haina kazi. Mvua imeua maua, mabibo hakuna. Mabibo hakuna, uraka hakuna. Wiki ya tatu hajalewa. Tabia imebadilika yenyewe.

ZIADA: [anacheka] Huyo asiondoke! Huyo ndiye aliyeathirika, ndiye atakayefungua semina!

STEFANO: Jumanne?

ZIADA: Jumanne afungue, Mama Upendo afundishe. Mkimbilie!

STEFANO: Nitamwendea kwa uso gani? Jana nimemkatalia, leo nimwambie nini?

ZIADA: Mwambie ukweli. Mwambie umekosea, kitongoji kizima wa kubadili tabia ni—

[simu inakatika]

STEFANO: Ni nani? Haloo? Haloo, mwanangu? Wa kubadili tabia ni nani?