Mama Tereza na Ukuta wa Ghala

Tarehe 30 Juni 1979, Bi. Tereza Kwangu atastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha kuchambulia pamba, hapa Bunda. Aliingia kama kibarua, akapanda hadi kuwa msimamizi wa akina mama wote wa ghala. Hakuwahi kuchelewa kazini, wala hakuwahi kumwacha aliyechelewa apite bila kumsema.

Baada ya Uhuru aliwaanzishia wasichana wa ghala mbio za jioni. Hatukuwa na uwanja wala utepe. Walianzia getini na kumalizia kwa kuugusa ukuta wa ghala. Wa mwisho aliwachotea wenzake maji. Nieleze kwamba kisima kilikuwa mbali na ndoo zilikuwa kubwa; kasi yao ilitoka hapo.

Mwaka 1969 Gati Keraryo, mshona magunia, alichaguliwa kukimbia mita mia katika mashindano ya mataifa jijini Dar es Salaam. Meneja wa wakati ule, Bwana Wenceslaus, aliyeona mbio zinamlia muda wa kazi, akatoa sharti: Gati asipoleta medali, saa ya mbio inafutwa. Mama Tereza akampa mkono mbele yetu sote. “Sawa, baba. Akiileta, maji unachota wewe.”

Katika fainali, karibu na utepe, Gati alikuwa wa nne. Sasa, wakimbiaji wengi hulegea kidogo wakiuona utepe, kwa kuwa moyoni wameshafika. Gati hakufundishwa habari za utepe. Alikuwa anatafuta ukuta. Akampita mmoja palepale mwishoni, akawa wa tatu, na hakusimama. Alikwenda hadi akaupiga kofi ukuta wa jukwaa la waheshimiwa, mgeni mmoja akajimwagia soda.

Mwamuzi akamfikia akihema. “Dada, mbio zimeishia kule!”

“Hizo zenu. Sisi tunamalizaga ukutani. Wa mwisho nani, akachote maji?”

Medali ya shaba ilifika Bunda kwa basi. Bwana Wenceslaus alichota maji akiwa amevaa tai, akina mama wakimhesabia ndoo kwa vigelegele. Saa ya mbio ipo mpaka leo.

Mama Tereza anarudi kwao Murangi, kwenye mihogo na samaki wake. Tunamshukuru kwa kutukimbiza, hata sisi tusiokuwa na miguu ya mbio. Mama, ukuta umeshaugusa. Kaa kitako, upumzike kwa afya na furaha. Maji tutachota sisi.